Siku Moja Niliyoipunguza

Mwezi uliopita nilifunga chumba changu cha Mtaa wa Sikukuu. Kilichoniachisha kazi ni macho, nyota zenyewe bado zipo palepale. Tarakimu za kwenye majedwali zimekuwa ndogo kama chawa, na mnajimu asiyeona tofauti ya tatu na nane afadhali akauze karanga. Nyinyi vijana mnaobaki kwenye kazi hii mmeniomba niwaandikie nilivyoifanya. Sitawaambia nilipata nini, maana mtaniomba mkopo. Nitawaambia nilivyoanza, aliyenifundisha, na siku moja niliyoipunguza kwenye hesabu ya mwanamke mmoja, ambayo mpaka leo sijaweza kuirudisha.

Kabla ya nyota nilikuwa dalali wa vitunguu pale shimoni, sakafu ya chini ya soko la Kariakoo. Kazi ya dalali ni kusimama kati ya mwenye mzigo na mnunuzi, ukamfanya kila mmoja aondoke akiamini kwamba ni mwenzake ndiye aliyepunjwa. Nilikuwa na tabia moja tu ya maana: kuhesabu kila kitu mara mbili. Magunia, ngazi za shimoni, watu waliokaa kwenye benchi la kinyozi. Mke wangu alikuwa akisema hata mayai ya kifungua kinywa nayahesabu mara mbili, na yalikuwa mawili.

Kwa mwalimu wangu nilipelekwa na zipu. Fundi cherehani mmoja jirani yangu aliniomba nikamfanyie bei ya boksi la zipu kwenye duka la Kantibhai, Mhindu wa makamo aliyekuwa akiuza vifungo na nyuzi upande wa kuelekea Kisutu. Tulivutana bei mpaka chai ikaletwa na ikapoa. Tulipokubaliana nikazimwaga zipu juu ya kaunta, nikahesabu, nikazirudisha, nikazimwaga tena, nikahesabu upya. Zilizidi mbili. Nikamrudishia. Msinisifu kwa uaminifu, nilitaka tu ajue kwamba nimehesabu.

"Kwa nini mara mbili?" akaniuliza.

"Mara ya kwanza nahesabu kama mnunuzi. Mara ya pili nahesabu kama mwizi."

Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akavuta pazia nyuma ya kaunta, nikaona meza ndogo, rula, bikari, penseli zilizochongwa kama sindano, na vitabu vinene ambavyo kurasa zake zote zilikuwa tarakimu tupu. Akafungua kimoja, akaweka kidole kwenye tarehe moja. "Hapa kazaliwa mtu. Ana miaka arobaini na tatu. Hesabu siku arobaini na tatu kwenda mbele, uniambie umefika wapi." Nikahesabu mara mbili, nikamwonyesha. Akahakiki mwenyewe, akaguna. Wiki ile nikaanza kwenda kwake kila nilipomaliza vitunguu vyangu, na nilikuwa nikimaliza mapema kuliko zamani.

Watu wa jamii yake walimletea tarehe za watoto wao kabla ya kupanga harusi, na hao aliwafanyia kwa njia ya wazee wake, ambayo hakunifundisha. Alisema ile mtu huzaliwa nayo. Aliyonifundisha ni njia nyingine, aliyojifunza mwenyewe kwa barua alipokuwa kijana, ya kuisogeza ramani. Kwa ambaye hajui, ni hivi. Anga ilivyokaa saa uliyozaliwa ndiyo ramani yako, na hiyo haibadiliki. Lakini ukitaka kujua mwaka huu umefika wapi, unaisogeza: siku moja mbele kwa kila mwaka mmoja ulioishi. Una miaka thelathini, unatazama anga ya siku ya thelathini tangu uzaliwe.

"Yaani mtoto mchanga wa mwezi mmoja anajua habari za mtu mzima?" nilimuuliza.

"Anazo zote. Zimekunjwa tu."

"Na mwaka mmoja ni siku moja?"

"Siku moja. Miezi sita ni saa kumi na mbili. Mwezi mmoja ni saa mbili. Sefu, ukikosea siku moja hapa mezani, kule nje umekosea mwaka mzima wa mtu."

Nilimwelewa haraka, kwa sababu ilikuwa hesabu ya dalali: kosa dogo kwenye ratili, hasara kubwa kwenye gunia.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni swali lake la kwanza kwa mteja. Mimi nilidhani unaanza na "umezaliwa lini". Kantibhai alianza na "nani aliiandika siku hiyo?" Mteja akijibu ni mama yangu, anauliza mama alikuwa mtu wa wapi, alisali wapi, alitazama saa au alisikia adhana. Nilimwona akimhoji bibi mmoja muda mrefu kuliko ramani yenyewe ilivyochukua. Akanieleza baadaye kwamba hapa kwetu siku ina milango mitatu. Kwa wazee wake yeye, siku inaanza jua likichomoza. Kwa wazee wangu mimi inaanza jua likizama, ndiyo maana tukisema usiku wa Ijumaa tunasema ule unaotangulia Ijumaa, ambao kwenye kalenda ya ukutani bado ni Alhamisi. Na kwa waliochapisha vitabu vyetu inaanza saa sita usiku, wakati sisi sote tumelala. "Kwa hiyo usiingize mtu kabla hujajua alipita mlango gani," alisema. Nikaitikia. Niliandika hata kwenye daftari.

Miaka ile ya mwanzo wateja wangu wengi hawakuwa na tarehe kabisa. Walizaliwa mwaka wa nzige, au wiki ile daraja lilipochukuliwa na maji, au "siku aliyokufa mjomba". Nilijifunza kuuliza kama mama alikuwa ameshapika, kama kuku walikuwa wameshaingia bandani, kama mkunga alikuja na taa. Mzee mmoja wa Ilala aliniambia alizaliwa wakati baba yake anagombana na jirani kuhusu mbuzi. Nilimtafuta jirani. Alikuwa hai, na mbuzi alimkumbuka vizuri kuliko mtoto. Kazi ile ilikuwa ya polepole na sikuwahi kuifurahia kama wakati ule, ingawa wakati ule sikujua kwamba nafurahi.

Kisha ikaja ruksa, kila mtu akaachiwa afanye biashara. Nyinyi mmekulia ndani yake, hamjui ilivyoingia. Mwaka mmoja tunapanga foleni ya sukari na sabuni, mwaka unaofuata Mtaa wa Kongo umejaa redio, majokofu, viatu vya mtumba, vijana wa kusini wamebeba mashati kwenye mabega wakikufukuza nayo. Watu waliokuwa hawajawahi kuvuka hata Chalinze wakaanza kwenda Dubai na kurudi na maboksi. Na upande mwingine, mashirika yakaanza kupunguza watu. Mtu aliyekuwa na meza Posta miaka ishirini anapewa barua, anakuja Kariakoo na suruali ya kupiga pasi kutafuta cha kuuza.

Kwa mnajimu yalikuwa mavuno. Zamani mtu aliniuliza kama atapata. Sasa kila mtu akauliza lini. Zamani hiyo lini waliiamua wenye duka la ushirika, sasa ilikuwa juu yako mwenyewe, na watu hawakuizoea hali hiyo. Nifungue lini, nisafiri lini, nimwambie mume lini. Ramani iliyosogezwa ndiyo kazi yake hasa, kukwambia lini. Nikaacha vitunguu. Nikapanga chumba Mtaa wa Sikukuu, nikaweka pazia na benchi la watu watano, nikaita mchoraji wa vibao. Alikuwa anatoza kwa herufi. Tulipofika kwenye MWALIMU SEFU NYOTA SAFARI NDOA BIASHARA KWA UHAKIKA, bei ikanishinda, nikamwambia aondoe KWA UHAKIKA. Hakuna mteja aliyewahi kuona kwamba halipo.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa mwalimu wa madrasa. Alinikataza kazi ile kila Ijumaa, na aliniletea ndugu zake kila Jumamosi, kwa mlango wa uani.

Benchi lilipojaa nikaanza kubadilika, na hili naomba mlisome taratibu. Niligundua kwamba mnajimu anayeuliza sana anaonekana hajui. Mteja hajakuja kuhojiwa kama yuko polisi, amekuja umwambie. Ukimtazama tu, ukatikisa kichwa, ukasema "wewe una jambo la safari", anainama mbele. Na nani Kariakoo hana jambo la safari? Basi maswali yangu yakaanza kupungua, moja baada ya jingine, kama bei ya nyanya jioni. Nilijifunza kuwasoma watu kwa viatu, kwa mkono, kwa nguo. Nilikuwa nasoma vizuri, na hapo ndipo palipoharibika.

Aliingia asubuhi moja ya kiangazi, watu wamejaa kwenye benchi. Mwanamke wa miaka thelathini na nne, baibui safi, hina mikononi, harufu ya udi. Jina Hadija. Alishona sare za shule kule Ilala. Alikaa, akatoa barua iliyokunjwa ndogo sana, kama iliyowahi kufichwa.

"Baba yangu ameniandikia," alisema. "Hatujasemezana miaka kumi na mmoja."

Nikatikisa kichwa kana kwamba nalijua tayari. "Ndoa," nikasema.

Akashtuka. "Ndiyo. Hakuipenda ndoa yangu. Akasema nisikanyage kwake. Sasa angalia." Akafunua barua. Ilikuwa na mstari mmoja: Njoo nikuone. Chini yake, jina la kijiji, karibu na Masasi. "Nataka kwenda, Mwalimu. Lakini namwogopa. Baba akikasirika anakasirika moja kwa moja. Nikienda siku mbaya akanifukuza tena, sitarudi maisha. Niangalizie niende sasa au nisubiri."

"Umezaliwa lini?"

"Ijumaa ya pili ya mwezi wa tisa. Saa tatu usiku." Akanitajia na mwaka.

Swali lililofuata mnalijua. Na mimi nililijua. Lakini kwenye benchi kulikuwa na mfanyabiashara mmoja mnene wa majokofu aliyekuwa anakohoa kwa makusudi, na mwanamke mbele yangu alikuwa ameshaniamini kwa neno moja la "ndoa". Nikamtazama. Baibui, Hadija, Ijumaa saa tatu usiku. Nikajisemea: huyu kwao siku inaanza Magharibi, Ijumaa yake ya usiku kwenye vitabu vyangu ni Alhamisi. Nikapunguza siku moja. Tena nilijisikia mjanja, nikawaza mnajimu mwingine angeingia mkenge hapa.

Kisha nikahesabu siku thelathini na nne. Nikahesabu tena.

Ikatoka hivi: Mwezi wake uliosogezwa ulikuwa unakwenda kugongana na sayari ya Zohali. Kwenye kazi yetu Zohali ni wazee, ni katazo, ni mlango wenye komeo. Baada ya mwaka mmoja Mwezi ungekuwa umeshampita Zohali na kuingia nyumba ya nne, ambayo ni nyumba ya wazazi. Kitu safi kabisa. Nilimchorea kwa penseli aone mwenyewe.

"Sasa hivi ukienda mtagombana," nikamwambia. "Subiri mwaka mmoja."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka."

"Baba ana miaka sabini na kitu, Mwalimu. Nipunguzie. Fanya miezi sita."

"Hizi si khanga, dada."

"Basi minane. Mimi na wewe tusigombane."

"Ningekuwa nazo mkononi ningekupunguzia. Ni mwaka."

Yule wa majokofu akapaza sauti kutoka nje ya pazia: "Dada, mkubalie bwana, na sisi tuna nyota zetu hapa!"

Benchi zima likacheka. Na yeye akacheka kidogo, akaikunja barua, akairudisha alipoitoa. Alisema atamwandikia baba yake kwamba anakuja mwakani. Mimi ambaye maisha yangu yote nimepunguza bei ya kila kitu, cha mtu na cha kwangu, siku ile nilijivunia kwamba sikupunguza.

Alirudi mvua za masika zilipokuwa zimeanza. Sikumtambua mara moja, alikuwa amekonda. Hakusubiri zamu. Alipita mbele ya benchi, akavuta pazia, akaweka mezani daftari kubwa la zamani, jalada lake limeliwa na mende.

"Baba amekufa," alisema.

Nikasema yale tunayosema. Ilikuwa mwezi wa saba tangu nimwambie asubiri mwaka. Simu ya maandishi ilimfikia, akapanda gari siku ileile, wakakwama Rufiji siku tatu kwenye matope wakingoja kivuko. Alifika siku ya nne baada ya maziko.

"Shangazi ananiambia tangu aandike ile barua alikuwa mpole. Alitandika kitanda chumba changu cha zamani. Alipopata barua yangu kwamba nakuja mwakani, akasema sawa, atasubiri. Kila akisikia gari barabarani anauliza kama ni mimi." Alinitazama. "Sasa nakuuliza, Mwalimu. Huyo Zohali wako alikuwa wapi?"

Akafungua daftari.

"Hili ni la baba. Limeandikwa siku niliyozaliwa. Hesabu tena. Hapa mbele yangu."

Lilikuwa daftari la wagonjwa. Baba yake alikuwa dresa, mfungaji vidonda wa zahanati ya misheni, na aliandika kila kitu kwa mwandiko ulionyooka kama ukuta. Alhamisi, saa tano usiku, homa, kijana. Ijumaa, saa moja asubuhi, jipu, mzee. Ijumaa, saa tisa mchana, mtoto kameza shilingi. Ijumaa, saa tatu usiku, amezaliwa mtoto wa kike, Paulina. Jumamosi, saa kumi alfajiri, jino.

"Paulina nani?" nikauliza, na kabla hajajibu nilikuwa nimeshajua.

"Mimi. Nilisilimu nilipoolewa. Si ndiyo hiyo ndoa? Uliniambia mwenyewe kwamba unaijua."

Ijumaa ya baba yake ilianza saa sita usiku, kama ya vitabu vyangu. Haikuhitaji kupunguzwa chochote. Mtu aliyeandika siku ile alipita mlango mmoja na majedwali yangu, na mimi nilimpitisha mlango wa watu wangu kwa sababu ya vazi alilolivaa binti yake akiwa mtu mzima.

Nikachukua penseli. Nilitaka kuhesabu polepole lakini mkono ulikwenda kwa mazoea. Siku thelathini na nne kuanzia Ijumaa. Nikahesabu tena. Alikuwa anafuata ncha ya penseli, aliona iliposimama. Mwezi wake ulikuwa umeshampita Zohali kabla barua haijaandikwa. Nyumba ya wazazi ilikuwa imefunguka kiangazi kile kile alichokuja kwangu na ile karatasi iliyokunjwa. Mwaka niliompa ausubiri ulikuwa umeshapita siku niliyompa.

"Imetoka nini?"

Nikaweka penseli chini.

"Nilipunguza siku moja," nikasema. "Sikukuuliza nani aliandika. Ungeenda wakati ule ule."

"Tungepatana?"

"Ramani inasema mngepatana."

Alipeleka kidole juu ya jina Paulina, akakirudisha. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza njia, "Mwalimu, bora ungeniambia nyota ni uongo."

Nimelifikiria neno lile miaka mingi kuliko nilivyofikiria neno lolote. Alikuwa ananiomba. Kwa mara ya pili alikuwa ananiomba nipunguze, na safari hii nilikuwa nacho cha kupunguza mkononi. Ningeweza kumwambia: dada, mimi natazama vitabu, sijui lolote kuhusu baba yako, hakuna mtu angejua, labda mngegombana mlangoni. Hata lisingekuwa uongo. Lakini kulikuwa na watu watano kwenye benchi, na pazia ni kitambaa.

Nikasema, "Nyota hazikukosea, dada. Nimekosea mimi."

Wakati ule nilidhani nabeba lawama kiume. Nilikuwa nalinda benchi.

Alifunga daftari, akalipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akatoka. Aliyefuata akaingia, akakaa palepale, akasema, "Pole sana Mwalimu. Mimi lakini tarehe yangu ni ya uhakika, nina cheti." Nikamfanyia. Nikawafanyia wote watano.

Nilikwenda kwa Kantibhai nikamweleza. Alikuwa anafungasha, watoto wake walikuwa wanamwita ng'ambo, na duka lilikuwa nusu tupu. Alisikiliza huku akipanga vifungo kwenye makopo.

"Ulihesabu mara ngapi?"

"Mbili."

"Ukianzia wapi?"

"Palepale. Mara zote mbili."

Nilingoja anikaripie. Akaniuliza tu, "Alikuwa ameshika barua?"

"Ndiyo. Imeandikwa njoo nikuone."

"Na wewe ukafungua kitabu," akasema. Akaendelea kupanga vifungo. Siku aliyoondoka aliniachia majedwali yake na bikari, na hakulitaja jambo lile tena. Vitabu hivyo ndivyo mlivyoviona kwangu, na atakayevitaka aje avichukue, ajue tu kwamba ukurasa wa mwezi wa tisa umechakaa kuliko mingine.

Kazi niliendelea nayo, sitawadanganya. Nilirudisha maswali yote. Benchi likapungua kuwa la watu watatu, kisha wawili, kwa sababu nilikuwa naonekana sijui. Vijana wa simu mlipoanza, ramani inatoka kabla chai haijapoa, nilikaa nawaangalia mkiandika saa na tarehe kwenye kile kioo na hakuna kijisanduku kinachouliza nani aliandika. Nilitaka kuwaambia. Nikaona mtasema mzee ana wivu, na kidogo ilikuwa kweli.

Nilipoamua kufunga chumba, kabla sijampa mwenye nyumba ufunguo, nilikwenda Ilala. Haikuwa vigumu kumpata, alikuwa bado anashona sare, sasa ana mafundi wanne na miwani. Alinitambua tangu mlangoni. Akanipa kiti, akaagiza soda. Tukaulizana hali, wajukuu, macho. Kisha nikasema nilichokuja kusema, na nilikuwa nimekifanyia mazoezi njia nzima tangu Msimbazi.

"Bi Hadija, siku ile uliniuliza kama mngepatana. Nikakwambia ndiyo. Sikuwa najua. Sijui hata sasa. Ulisema bora ningekwambia ni uongo, na nilipaswa kukwambia kwamba kuhusu baba yako sikujua kitu."

Alimaliza mshono aliokuwa nao. Akakata uzi kwa meno.

"Umechelewa, Mwalimu," akasema, bila ukali. "Ile ya kwanza nimeshaiamini. Nimeishi nayo miaka yote hii. Naamini alikuwa ananisubiri na tungepatana, na mimi sikwenda. Ukiniondolea hiyo leo, nibaki na nini?"

Nikanywa soda yangu nikaimaliza, kwa sababu kuiacha ingekuwa dharau. Alinisindikiza mpaka barabarani.

Basi vijana, hayo ya milango mitatu ya siku mtayasoma kwenye madaftari yangu, yote yapo, na mifano. La kwangu ni hili. Atakuja mtu kwenu, leo au kesho, ameshika barua au ujumbe wa simu kutoka kwa mzazi wake, atawaomba mmtazamie kama aende sasa au asubiri. Atakuwa na tarehe nzuri, saa kamili, na hela mkononi. Msifungue kitabu, wala hiyo simu. Mwambieni mabasi ya kusini yanaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na afike mapema apate siti.